Mama Alivyopiga Kura Shule Yetu Ifungwe

Kuusela, Michigan
Jumapili, 4 Desemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Duane,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Joanne na binti yenu Tess. Najua huko Perth sasa ni kiangazi na mnatembea na kaptula. Mwenzako hapa navaa soksi mbili mbili hata ndani ya nyumba. Theluji imeanza mapema mwaka huu na haina dalili ya kupumzika. Mgongo wako je? Joanne aliniambia mwezi wa tisa ulilala kitandani wiki nzima. Tafadhali acha kubeba vitu vizito kana kwamba bado uko kwenye timu ya mpira.

Mimi sijambo. Goti la kulia linanisumbua nikipanda ngazi, ila sijaacha kazi dukani. Wendell naye hajambo. Alipata kulungu mapema msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, kwa hiyo mpaka Pasaka tutakula nyama ile ile na kumsikiliza mume wangu akisimulia risasi ile ile.

Mama pia hajambo. Namweka peke yake kwa sababu najua hujamuuliza hali tangu Oktoba.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono, Duane. Tukiongea haya kwenye simu tutagombana kabla sijafika katikati, kisha mmoja wetu atakata. Karatasi huwezi kuikatiza. Soma mpaka mwisho, halafu ukasirike ukitaka.

Najua umesikia matokeo. Shule yetu itafungwa Juni, na watoto wote wa Kuusela watasoma Port Amity, kwa wale wale jirani waliokuwa wakituita wakata magogo kila tulipocheza nao. Najua pia umesikia kwamba Mama alisimama mbele ya watu akaipigia debe kura ya ndiyo. Hayo ni kweli. Ila wewe umesikia nusu, na hata mimi niliyekuwepo nilikuwa na nusu hiyo hiyo mpaka juzi juzi.

Nianze mwanzo. Watoto walikuwa wamepungua kiasi kwamba darasa la mwisho mwaka jana lingeenea kwenye gari la Wendell. Bodi ya shule ilibishana mwaka mzima, nusu huku, nusu kule, hata wajumbe wawili wakaacha kusalimiana. Mwishowe wakasema waamue wenyewe wenye shule. Swali likawekwa kwenye karatasi ya uchaguzi mkuu, chini kabisa, baada ya gavana na majaji na wengine wote: je, wilaya yetu ya shule iunganishwe na ya Port Amity? Port Amity nao walipewa swali lao. Upande mmoja ukikataa, basi, hakuna muungano.

Duane, sijawahi kuona mji huu hivyo. Hata mgodi ulipofungwa, watu walilia pamoja. Safari hii kila uwanja ulikuwa na bango, la buluu la kutetea shule au la kijani la kuunganisha, na mtu alikuwa akisoma bango lako kabla ya kuamua kukupungia mkono. Mimi na Wendell tulisimika la buluu. Nakwambia mapema ili usidhani natetea upande wangu.

Aliyeongoza watu wa buluu alikuwa Shangazi Sylvi Rautio. Hilo halikumshangaza mtu. Mwanamke yule amepika kwenye jiko la shule maisha yake yote. Wewe mwenyewe umekua kwa supu yake ya mbaazi. Tena tulipozaliwa sisi, yeye na Mama walishakuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Kila Jumamosi walikuwa wakikaa kwenye sauna ya Sylvi, wakitoka wekundu kama kamba wa kuchemsha, wanakunywa kahawa na kusengenya wachungaji wote waliowahi kupita Kuusela. Kwa hiyo bodi ilipoitisha mkutano wa wananchi katikati ya Oktoba, Sylvi aliandika jina lake kwenye orodha ya wazungumzaji, na chini yake akaandika jina la Mama bila hata kumuuliza. Mwalimu wa hesabu wa vizazi vyote atasema nini, kama si kuitetea shule yake?

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa michezo. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za watazamaji. Sylvi alisema vizuri sana, aliniliza hata mimi. Kisha Mama akaitwa. Alikwenda mbele na fimbo yake, taratibu, na ukumbi mzima ukampigia makofi kabla hajafungua mdomo.

Akangoja yaishe. Akasema:

"Nimefundisha hesabu humu tangu nikiwa msichana mpaka nywele zikawa hivi. Jengo hili nalipenda kuliko nyumba yangu. Lakini mwalimu wa hesabu hatuna. Wa kemia hatuna. Tumetangaza nafasi, hakuna anayekuja. Mtoto anakalishwa mbele ya kompyuta, na kocha anamwangalia asilale. Kisha tunampa cheti, sisi tunapiga makofi, yeye anakwenda huko duniani akidhani tulichompa kinatosha. Hakitoshi. Mimi nitapiga kura ya ndiyo."

Halafu mtu mmoja huko nyuma akapiga kelele, "Kaa chini, bibi!" Nikageuka kumtazama. Mtu mzima, ana ndevu mpaka kifuani, na Mama ndiye aliyemfundisha kugawanya.

Sylvi alisimama pale pale alipokuwa amekaa. Uso ulikuwa umemwiva.

"Lempi, nani amekupa maneno hayo?"

"Sikupewa na mtu, Sylvi."

"Basi umezeeka vibaya."

Wengine wakacheka. Sylvi hakucheka. Alimshika bega mjukuu wake Brenna, aliyekaa kando yake, akampazia sauti Mama kama vile yuko ng'ambo ya ziwa: "Huyu hapa! Amesoma humu humu toka akiwa mdogo, akamaliza akiwa wa kwanza! Njoo umwambie yeye machoni kwamba hakufundishwa kitu. Njoo, nakusubiri!"

Brenna alikuwa akitazama mikono yake. Mama alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Nilimwona, na wewe unamjua Mama, hajawahi kukosa jibu. Akamtazama yule binti. Akaufunga mdomo. Akarudi kwenye kiti chake bila neno, na watu wakamzomea njia nzima. Nilidhani ameishiwa. Niliona aibu kwa ajili yake na nilimkasirikia pia, yote mawili kwa pamoja, kisha nikampeleka nyumbani bila kusema naye.

Baada ya siku ile mambo yalikuwa mabaya. Kanisani, ile benchi yao ya tatu kutoka mbele, Mama aliketi peke yake, kama mgonjwa wa ugonjwa unaoambukiza. Alimpelekea Sylvi mkate wake wa iliki, ukarudishwa mlangoni ukiwa haujakatwa. Sauna ya Jumamosi ikaisha. Mtu akagonga sanduku lake la barua kwa gari na kuliangusha. Wendell alilisimamisha upya, na Mama akatukataza kuuliza ni nani. Alisema labda ni barafu. Wiki ile hapakuwa na barafu.

Kisha ukaja wewe, Duane. Yale uliyoandika kwenye ukurasa wa wahitimu, kwamba mama yako amekula mshahara wa shule maisha yake yote kisha akaiuza, na kwamba unaona haya kuitwa Harjula. Najua uliandika kwa uchungu. Najua shule ile ndiyo iliyokupa njia ya kutoka hapa mpaka huko kwenye migodi ya Australia. Ila watu walioyaunga mkono maneno yako kwa alama ya kidole gumba walikuwa wengi, na mmoja wao alimwambia Mama. Alikuja dukani akaniomba simu yangu. Alisoma akiwa amesimama mbele ya rafu ya rangi. Akanirudishia simu, akaniuliza kama misumari ya inchi mbili imefika. Nikamwambia bado. Akasema, "Haya, nitapita tena," akatoka. Hakuwa na haja ya misumari yoyote.

Nilimuuliza jioni ile. Nikamwambia, Mama, wewe si mtu wa kusema jambo zito hivyo kisha ukanyamaza. Kuna nini? Akaniambia, "Nimeshasema yangu, Marlys. Yaliyobaki si yangu." Sikuelewa, wala sikujaribu sana kuelewa. Nilikuwa na bango la buluu uwanjani.

Siku ya uchaguzi theluji ilianguka toka alfajiri. Nilimpitia Mama nimpeleke ukumbi wa kata kupiga kura. Alipokwisha kuingia garini akasema, "Tumpitie Sylvi. Gari lake halitapanda kile kilima leo."

Nikamwambia Sylvi hatakubali.

"Akikataa atakuwa amekataa yeye. Twende."

Sylvi alikuwa kweli nje, na koleo, anajaribu kuchimbua magurudumu. Mwanamke wa miaka themanini na kitu! Alipofungua mlango wa nyuma na kumwona nani amekaa mbele, akaganda.

"Na huyu yupo?"

"Gari ni langu, Shangazi," nikamwambia, "na mama ni wangu. Ingia, baridi inaingia."

Akaingia, akabamiza mlango.

"Funga mkanda," Mama akasema bila kugeuka.

"Usiniamrishe, mimi si mwanafunzi wako."

"Hukuwahi kuwa. Ungekuwa, ungejua hesabu hii ndogo: kura yako na yangu zinafutana. Tungebaki nyumbani tukanywa kahawa."

"Basi baki wewe! Marlys, simamisha gari huyu ateremke."

"Marlys, endesha."

Nikaendesha. Duane, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Tukafika ukumbini. Watu waliokuwa kwenye foleni walituona tukishuka sote watatu wakaacha mazungumzo yao. Niliwashika mikono, mmoja huku, mmoja huku, kwa sababu ngazi zilikuwa na utelezi.

Ndani, tulipewa karatasi zetu, kila mtu akaenda kwenye kibanda chake. Mimi nilikuwa katikati. Nikamsikia Sylvi akiguna, akipapasa mifuko ya koti, kisha akisema kwa hasira, si kwa mtu yeyote, "Miwani nimeiacha." Maandishi ya swali la shule yalikuwa madogo kama sisimizi. Mama alikuwa ameshamaliza. Alivua miwani yake, akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wangu, akampa.

Sylvi aliichukua. "Sasa usije ukasema nimekosea kwa sababu ya miwani yako."

"Alama yako ni ile ya chini," Mama akamwambia. "Yangu ni ya juu. Weka chini."

Hivyo ndivyo Shangazi Sylvi alivyopiga kura ya kumpinga Mama, akiwa amevaa miwani ya Mama. Na mimi niliweka alama yangu pale pale alipoweka Sylvi.

Matokeo tuliyasikia kesho yake kwenye redio, dukani, tulipokuwa tunafungua. Port Amity walikuwa wamekubali kwa wingi, na nilivyowajua sikutegemea. Sisi tulikubali pia. Tofauti ilikuwa kura thelathini na moja. Wanaume waliokuwa wamekuja kununua chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani walibaki wamesimama na mifuko mikononi. Mmoja akasema, "Thelathini na moja. Huo ni ukoo mmoja tu ukikaa mezani." Hakuna aliyeshangilia, hata wale wa kijani. Mmoja wao aliweka mfuko wake chini, akatoka nje, akang'oa bango lake mwenyewe, akalitupa kwenye gari uso chini.

Saa ya chakula nilikwenda kwa Mama. Nilimkuta jikoni, kakaa na koti mwilini, kama mtu aliyekuwa anataka kutoka akasahau anakwenda wapi.

"Nimeshinda," akaniambia, na akaanza kulia. Mara ya mwisho kumwona akilia vile ni siku tuliyomzika Baba.

Nikamuuliza, "Ulitaka ushindwe?"

"Nilitaka nisiwe na la kuchagua," akasema.

Nikakaa naye. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeumia, na yeye alilijua hilo. Tulikunywa kahawa kila mtu akiwa na msiba wake.

Sasa nisikilize, hapa ndipo penye ile nusu nyingine.

Jumatano kabla ya Sikukuu ya Shukrani nilikuwa kwa Mama tunaoka mikate. Unga mpaka kwenye nyusi. Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia Shangazi Sylvi na theluji yake miguuni, na nyuma yake Brenna, macho yamemvimba. Sylvi hakuvua viatu. Alisimama katikati ya jiko.

"Mwambie ulichoniambia mimi," akamwambia mjukuu wake. "Mwambie na Marlys asikie."

Brenna akasema yeye ndiye sababu ya Mama kupiga ndiyo.

Unakumbuka tulivyosherehekea binti yule alipomaliza? Zawadi zote alizizoa yeye, picha yake ikatoka kwenye gazeti, Mama akiwa amekaa mstari wa mbele akipiga makofi mpaka viganja vikauma. Alikwenda chuo kikuu kusomea uhandisi. Kumbe walipompa mtihani wa kuanzia, walimweka kwenye darasa la waliochelewa, na hata huko hakuweza kufuata. Wenzake walikuwa wakizungumza vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia. Alikaa miezi michache akijificha chumbani, kisha akarudi, akatudanganya wote kwamba amerudi kumtunza bibi yake aliyekuwa ameteguka nyonga. Sylvi alikuwa akijisifu kwa hilo mji mzima: mjukuu wangu ameacha chuo kwa ajili yangu.

Majira ya kuchipua mwaka huu alikwenda kwa Mama, akamwomba amfundishe. Akamwapisha asimwambie mtu, na hasa bibi yake. Mimi nilikuwa naliona gari lake pale mara kwa mara, nikadhani anakuja kumfanyia Mama usafi. Siku moja hata nilimshukuru, na yeye akapokea shukrani akiwa ameinamisha kichwa.

Mama alifungua vitabu vyake vya zamani akaanza naye. Siku ya kwanza akagundua mtoto yule, wa kwanza wa shule yetu, hakuwahi kufundishwa nusu ya yale ambayo wewe, Duane, ulikuwa unayafanya huku unatafuna kalamu. Alikuwa na akili kuliko wewe, samahani. Hakuwa na mwalimu, basi. Mama ameniambia baadaye kwamba siku ile baada ya Brenna kuondoka hakuweza kupika. "Nilimpigia makofi," alikuwa akirudia. "Nilikaa mbele nikampigia makofi."

Pale jikoni Brenna alipomaliza kusema, Sylvi akamgeukia Mama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siri ilikuwa ya mtoto."

"Nilikuuliza mbele ya watu wote! Nilimtaja kwa jina, nikamshika bega! Neno moja tu, Lempi. Ungesema neno moja tu ungenimaliza pale pale."

"Ndiyo," Mama akasema. "Na yeye pia."

Sylvi akatafuta kiti kwa mkono bila kuangalia, akakaa. Brenna alikuwa akilia kimya kimya karibu na mlango, nikamvuta nikamkumbatia na unga wangu wote.

Kisha Sylvi akasema, "Nimekutukana tangu Oktoba."

"Nimesikia. Mengine yalikuwa mazuri."

"Lile la kwamba una akili ya kuku nililisema mimi."

"Nilijua ni lako."

"Bado nimekasirika, Lempi. Usidhani nimekuja kukuomba msamaha. Shule ile nilipika mimi, watoto wale nililisha mimi. Hata ningelijua hili, bado ningepiga hapana. Ningetafuta mwalimu. Ningekwenda kumteka mwalimu huko Detroit nikamleta nimemfunga kamba."

"Najua."

"Unajua, unajua! Kila kitu unajua. Basi nimiminie kahawa, unangoja nini?"

Mama akammiminia. Kikombe kikafurika, kahawa ikamwagika kwenye kisahani, na Sylvi akanywa ile ya kisahani kwanza, kama wanavyokunywa wazee.

Sitaki udhani mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kanisani bado kuna watu wanaomkwepa Mama, na hawajui wala hawatajua sababu yake. Yeye hataki wajue. Watoto wa darasa la mwisho wanalia hovyo kwenye korido, wakipiga picha kila kabati na kila mlango. Hakuna anayejua timu itaitwaje wala itavaa rangi gani, na tayari wameshaanza kugombana kuhusu hilo. Akina mama wenye watoto wadogo wanaogopa ile barabara ya kilimani wakati wa baridi, na mimi pia naiogopa. Mimi nilipiga hapana, Duane. Ukiniuliza leo ningepiga nini, nitakaa hapa na kalamu mpaka wino ukauke. Sijui. Ninachojua ni kwamba mama yetu hakuiuza shule. Alikuwa amebeba kitu ambacho hakuweza kukionyesha, na akaacha sisi sote tumpige.

Brenna anaanza chuo tena Januari. Ni yeye aliyeniambia nikuandikie. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika, akasema, "Mwambie Duane ni mimi. Aache kumwonea haya Mwalimu." Kwa hiyo nakuomba hili libaki kwako na Joanne. Usiliandike popote. Yale maneno yako ya Oktoba ukiyafuta, yafute kimya kimya, bila maelezo.

Nisalimie Joanne sana, mwambie kitambaa cha meza alichonitumia kimekaa vizuri ajabu. Mbusu Tess, mwambie shangazi yake anataka picha yake akiwa na sare mpya. Wendell anakusalimu na anasema ukija atakusimulia habari za kulungu. Shangazi Sylvi anakusalimu pia. Amesema nikuandikie kwamba wewe ulikuwa upande wake na bado ulikuwa mpumbavu. Nimeandika kama alivyosema.

Mungu awalinde huko mliko, na awape Krismasi yenye amani, hata kama mtaila mkiwa pwani na jasho linawatoka.

Mama hajui kama nimekuandikia haya yote. Anajua tu nakuandikia. Nilipomuuliza kama ana salamu zake, aliifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Kisha akasema, "Mwambie asiniombe radhi. Mwambie anipigie simu, aniambie nimekosea, aseme mpaka achoke. Mimi nitakuwa nasikiliza tu sauti yake."

Dada yako akupendaye daima,
Marlys